Njia za ranchi mlimani: zitumike vipi mwaka mzima bila kugeuka makorongo?

Mlinda_Malisho

Wakuu, naomba mawazo ya wanaoijua kazi hii.

Ranchi iko kwenye ubavu wa mlima, kati ya mita 2,100 na 2,700 kutoka usawa wa bahari. Nyuma yake mlima unaendelea hadi kama mita 3,500. Chini unapita mto mdogo wenye samaki, katikati ni malisho ya ng'ombe na farasi, juu ni msitu, halafu majabali. Msimu wa mvua unanyesha kwelikweli, kiangazi ni kikavu, na miezi ya baridi sehemu ya juu inashika theluji. Lengo ni wageni waweze kutembea, kupanda farasi, kuendesha baiskeli, kuvua na kupiga kambi mwaka mzima.

Shida ni njia. Zilizopo zilichongwa na ng'ombe, zinapanda mlima moja kwa moja. Mvua ikinyesha zinageuka mifereji, na sehemu moja imechimbika hadi magotini. Watu wanakwepa tope kwa pembeni, kwa hiyo njia iliyokuwa ya nusu mita sasa ina upana wa mita nne. Wazo la kwanza lilikuwa kumwaga moramu kote. Mnasemaje? Pia naomba ushauri kuhusu wanyama na wageni kutumia eneo moja, na kitu gani kifungwe msimu gani.

---

Fundi_Kontua

Mkuu, moramu usiiguse kwanza. Njia inayoshuka kufuata mkondo wa maji itaisomba moramu yote hadi mtoni, na utabaki na mfereji uleule ukiwa na mawe chini. Tatizo lako ni mahali njia ilipopita, udongo hauna kosa.

Kanuni mbili zinabeba karibu kazi yote. Ya kwanza: wastani wa mwinuko wa njia usizidi asilimia 10, yaani kila mita 10 unazotembea unapanda mita 1. Ya pili: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inaokatisha. Ubavu ukiwa na asilimia 12, njia isizidi asilimia 6, hata kama miguu inaona ni kidogo. Ukizidisha hapo, maji hayakatishi njia kwenda upande wa chini. Yanaona njia ndiyo mteremko rahisi zaidi, yanaifuata.

Huhitaji kifaa cha gharama kupima. Tengeneza fremu ya A: miti miwili ya urefu wa mita 2 na kidogo, iunganishe juu, tanua miguu hadi umbali wa mita 2 kamili kati ya ncha, kisha funga mti wa kukingama katikati. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kukingama, geuza miguu ibadilishane nafasi palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa wako. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa na wengi, halafu wanalaumu fremu.

Ukishapata usawa, funga kipande cha mti cha sentimita 16 chini ya mguu mmoja. Mguu huo mrefu daima ukae upande wa chini. Kamba ikitulia kwenye alama, mguu wa mbele uko sentimita 16 juu zaidi ndani ya mita 2, yaani asilimia 8. Piga mambo (vigingi), sogea mbele, mguu mrefu uweke pale ulipokuwa mguu mfupi. Usiizungushe fremu kama unavyofanya kwenye kontua za shamba, maana ukiizungusha mguu mrefu unahamia juu na vipimo vyote vinaharibika.

Lenga asilimia 8 ili ubaki na akiba, kwa sababu kuna sehemu mwamba au mti mkubwa utakulazimisha kupanda zaidi. Kabla ya kuchimba hata sentimita moja, tembea mstari mzima wa mambo mvua ikinyesha. Utaona chemchemi na mikondo ambayo kiangazi haionekani kabisa.

Kuchimba sasa. Ukanda wote wa kukanyagia ukae juu ya udongo asilia uliokatwa ubavuni. Usikate nusu na nusu nyingine ukajaza udongo uliochimba, kwa sababu ule wa kujaza hushuka mvua za kwanza na ukingo wa nje unameguka. Udongo uliochimbwa utupe mbali chini ya njia na uutawanye. Ukuta wa juu ulaze, usiuache wima. Uso wa njia uinamie nje kwa asilimia 5 hivi: kwenye upana wa sentimita 60, ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 3. Kwa wanaotembea pekee, sentimita 60 zinatosha.

---

Sululu_Mbili

Naunga mkono, ila niongeze jambo ambalo Fundi hajalitaja. Ule mwinamo wa nje haudumu. Kwato na matairi vinakandamiza katikati, ukingo wa nje unajiinua, na baada ya muda njia inakuwa na umbo la sahani. Maji yakishaingia humo hayatoki. Kwa hiyo usitegemee mwinamo peke yake.

Weka mibonyeo. Kila mita 6 hadi 15, njia inayoshuka ipande kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Tuta la kupanda liwe na kimo cha kama sentimita 30, lakini lilazwe kwa urefu wa mita 3 hadi 5, ili farasi na baiskeli vipite bila kushtuka. Maji yakifika kwenye bonde la mbonyeo hayana pa kwenda ila nje. Mahali pa kutokea pawe pana, mita moja au zaidi, na pasiwe na ukingo wa nyasi unaozuia. Udongo wa tope na mteremko mkali vinataka mibonyeo iliyokaribiana. Udongo wenye kokoto unavumilia umbali.

Watu wengi huweka magogo ya kukingama badala yake. Yanafanya kazi hadi mchanga ujae nyuma ya gogo, kisha maji yanaruka juu na kuchimba shimo upande wa pili. Farasi hukwaa, watembeaji hulizunguka, na hapo upana unaanza tena. Gogo ni dawa ya muda kwa njia ya zamani ambayo huwezi kuihamisha.

Vivuko vya mto: chagua sehemu iliyonyooka, pana, yenye kitako cha mawe. Kwenye kona ya mto maji yanakula ukingo wa nje, hutakaa na kivuko hapo. La muhimu zaidi, njia ishuke kuingia mtoni na ipande kutoka, pande zote mbili. Kama upande mmoja njia inaendelea kushuka baada ya kuvuka, siku mto ukifurika utaiacha njia yake na kufuata ya kwako.

---

Mlinda_Malisho

Nimeelewa kuhusu moramu. Lakini kuna kipande cha kama mita 80 karibu na mto, tambarare kabisa, tope mwaka mzima. Hapo hakuna ubavu wa kuukatisha. Nifanyeje?

---

Sululu_Mbili

Chaguo la kwanza ni kuhama. Tambarare yenye maji ni mahali pabaya kuliko mteremko, kwa sababu hakuna upande wa kuyatolea. Pandisha njia ubavuni hata kama inaongeza mita 150, utaokoa kazi ya kila mwaka.

Kama huwezi kuhama, basi inua njia. Panga safu mbili za mawe makubwa kama kingo, zizikwe theluthi moja ya kimo chake. Katikati jaza mawe ya ukubwa wa ngumi, halafu kokoto, halafu moramu juu, na uishindilie ikiwa na unyevu. Katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 5 hivi. Chimba mifereji pande zote mbili na uhakikishe ina pa kutokea, vinginevyo umechimba mabwawa mawili. Kila mita 10 hadi 15 acha upenyo wa mawe matupu chini ili maji ya upande mmoja yapite kwenda wa pili. Hapo ndipo moramu ina kazi. Usitumie udongo mweusi wenye mboji kujaza, unashika maji na kulegea.

---

Hatamu_na_Tandiko

Nizungumzie wanyama.

Farasi mmoja juu ya udongo ulioloa anaharibu kuliko kundi la watembeaji, maana uzito mkubwa unashuka kwenye kwato nne ndogo. Tumia kipimo hiki cha kufunga njia: kanyaga kwa buti, ukiona alama imezama zaidi ya sentimita 2 hadi 3, farasi na baiskeli hawaingii siku hiyo. Kipimo hicho ni cha haki kuliko kalenda, kwa sababu upande unaopigwa na jua unakauka siku kadhaa kabla ya upande wa kivuli. Ukipanga njia mbili za mzunguko, moja upande wa jua na nyingine upande wa kivuli, daima utakuwa na moja iliyo wazi.

Njia ya farasi inataka nafasi. Fyeka hadi upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 3, kwa sababu mpandaji ameketi juu na matawi yaliyoloa hushuka. Kata tawi karibu na shina. Kipande kilichochongoka kikiachwa kimejitokeza kinachoma goti la mpandaji au jicho la farasi.

Uzito: mpandaji pamoja na tandiko na mizigo usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 abebe kilo 90 jumla. Mlimani ni vizuri kushuka chini ya hapo, hasa kwenye mteremko mrefu wa kushuka, ambako mabega ya mbele ndiyo yanayoumia. Baada ya mita 200 hivi za mwanzo simama, kaza tena mkanda wa tumbo. Farasi wengi hujaza pumzi wakati wa kufungwa, na tandiko hulegea wakishaanza kutembea.

Njia ikitumiwa na wote: baiskeli inampisha kila mtu, mtembeaji anampisha farasi. Anayepisha asimame upande wa chini wa mteremko na aongee kwa sauti ya kawaida. Farasi akishtuka hukimbilia upande asioogopa, na ni salama akikimbilia juu kuliko akiporomoka chini. Kama una uwezo, baiskeli zipewe njia yake kabisa kwenye mishuko, kwa sababu haziisikii hatari hadi ziifikie.

Ng'ombe: hatari kubwa si fahali peke yake. Ng'ombe aliyezaa karibuni hushambulia, hasa akiona mbwa. Msimu wa kuzaa, hamisha njia au hamisha kundi, usitegemee kibao. Mgeni asipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Akiwa na mbwa amfunge, lakini ng'ombe wakimkimbilia amwachie mbwa mara moja. Mbwa atajiokoa kwa mbio, na mara nyingi ng'ombe wanamfuata yeye.

Mageti yafanye yajifunge yenyewe. Nguzo ya bawaba ikiwa wima, sogeza bawaba ya juu isiwe sawa na ya chini, ili geti liinuke kidogo linapofunguliwa. Uzito wake wenyewe utalirudisha. Jaribu mara kadhaa kabla ya kukaza, maana likizidi litapiga farasi makalioni. Watembeaji wawekee ngazi ya kuvukia uzio pembeni ya geti, ili geti lisiguswe kabisa.

Kwa uzio wa seng'enge kwenye mapito ya wanyamapori, waya wa juu na wa chini uwe laini, usio na miba. Wa juu usizidi sentimita 105, wa chini usipungue 40 kutoka ardhini, na kati ya nyaya mbili za juu acha sentimita 30. Mnyama anayeruka hunasa miguu ya nyuma kati ya nyaya hizo mbili.

---

Kilele_Asubuhi

Upande wa hali ya hewa na muda, mgeni apewe taarifa kwa saa, siyo kilomita pekee. Hesabu ya kawaida ni kilomita 5 kwa saa, ukiongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 zenye kupanda mita 650 ni saa 1 na dakika 48, jumlisha dakika 65, karibu saa 3 bila mapumziko. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi. Kundi lenye watoto liongezewe nusu.

Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Kutoka nyumba ya ranchi hadi kilele chako ni tofauti ya nyuzi 9, kabla ya upepo. Mvua ya nyuzi 8 yenye upepo inaua haraka kuliko baridi kavu ya chini ya sifuri, kwa kuwa nguo zilizoloa hunyonya joto. Fulana ya pamba inashika maji, sufu na nyuzi za sanisi zinapasha hata zikiloa. Mtu akianza kutetemeka, kujikwaa na kuzungumza kwa kuvuta maneno, mvue nguo zilizoloa, mkaushe, mfunike hadi kichwani, mpe kinywaji cha vuguvugu chenye sukari kama anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi.

Radi hupiga milima zaidi mchana na jioni, baada ya jua kupasha bonde. Panga watu waondoke alfajiri na wawe wameshuka kutoka mgongo wa mlima kabla ya saa sita mchana. Hesabu kutoka mwanga hadi ngurumo: zikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, teremka. Usirudi juu hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kwa ranchi ongeza hili: waya wa uzio unasafirisha umeme mbali sana na radi ilipopiga, kwa hiyo watu na farasi wakae mbali na uzio, na mpandaji ashuke. Kundi litawanyike, mita 15 au zaidi kati ya mtu na mtu.

Kwa mita 3,500, kichwa kuuma na kichefuchefu ni dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko. Anayelala ranchini siku mbili tatu kabla ya kupanda ana nafuu. Kambi zikipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Anayeyumba akitembea kwenye mstari ulionyooka, au anayehema akiwa ameketi, anashushwa saa hiyohiyo, hata usiku.

Theluji: maporomoko mengi huanza kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Hizi ni nyuzi za pembe, usizichanganye na asilimia za Fundi. Nyuzi 30 ni kama asilimia 58. Pima miteremko yote iliyo juu ya njia zako, kwa sababu poromoko humfikia hata aliye kwenye tambarare chini yake. Zile zilizo chini ya miteremko hiyo zifunge msimu mzima wa theluji, acha wazi zinazopita msituni kwenye ubavu mlaini. Wa viatu vya theluji na wa skii (mbao za kutelezea kwenye theluji) watenganishwe: nyayo zikiingia kwenye mifuo ya skii zinaganda usiku, na asubuhi mifuo haifai.

---

Ndoano_Mtoni

Mto nao una misimu. Samaki wa maji baridi kama trauti huteseka maji yakipita nyuzi 20, kwa sababu oksijeni hupungua. Kiangazi ning'iniza kipimajoto mtoni, na maji yakifika hapo wavuvi waache. Samaki aliyerudishwa majini hapo hufa baadaye bila mtu kumwona. Asubuhi mapema ndipo maji yana baridi zaidi. Msimu wa kutaga usiwaache watu wakanyage vitanda vya kokoto safi katikati ya mto, mayai yamo humo. Ng'ombe wawekee sehemu moja ya kunywea iliyotandikwa mawe, au bora zaidi birika mbali na ukingo. Kingo zenye majani na vivuli ndizo zinazoyapoza maji hayo.

Maji ya kunywa: popote penye ng'ombe juu yako, chukulia kuna vimelea. Chemsha hadi yatokote, dakika 1. Zaidi ya mita 2,000, ambayo ni ranchi yako yote, dakika 3, kwa sababu maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Klorini haiui vizuri kriptosporidiamu, kimelea kinachotoka kwa ndama, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Vyoo vya shimo vya kambi viwe angalau mita 30 kutoka kisima au mto, na kitako chake kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, yakipimwa msimu wa mvua. Anayejisaidia porini achimbe sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka majini. Moto kiangazi: palilia hadi udongo mtupu, mita 3 kuzunguka. Kuuzima ni maji, koroga, maji tena, kisha gusa majivu kwa nyuma ya mkono. Yakiwa na joto, bado.

---

Mlinda_Malisho

Nashukuru sana wote. La mwisho: njia za zamani nizifanyeje? Nikifungua mpya, watu na ng'ombe si watarudi kwenye zile zilizonyooka?

---

Fundi_Kontua

Watarudi kama wanaziona. Zifunge pale zinapoonekana, yaani mita 15 hadi 20 za mwanzo kila upande. Zika magogo na matawi yaliyolala ovyo, pandikiza vichaka vya palepale, na panga njia mpya ianze kwa kona laini ili jicho liifuate yenyewe. Utepe na kibao havitoshi.

Kule ndani kazi ni kuyavunja nguvu maji. Kwanza kata chanzo: juu kabisa, pale maji yanapoingia mferejini, chimba mkato wa kuyatoa kwenda kwenye nyasi. Kisha jenga vizuizi vya mawe kukatisha mfereji. Umbali kati yao unaamuliwa na mwinuko: sehemu ya juu ya kizuizi cha chini iwe usawa mmoja na kitako cha kizuizi kilicho juu yake. Fremu yako ya A, ukiitoa kile kipande cha mti, itakupimia hilo. Kila kizuizi kiwe chini zaidi katikati kuliko pembeni, vinginevyo maji yatazunguka ncha na kuchimba mfereji wa pili. Kichimbie ndani ya kingo na kitako kwa sentimita 20 hadi 30, na chini yake tandaza mawe ya kupokea maji yanayoanguka.

Lima juu juu udongo ulioshindiliwa kati ya vizuizi, panda nyasi za palepale mvua zikianza, funika kwa majani makavu. Ng'ombe wazuie hapo hadi mizizi ishike, ujaribu kwa kuvuta shina kwa mkono: likikatika badala ya kung'oka, wafungulie.